Imeli ya kanisa: tuipime kwa posti ya mbali kabisa



Biro nyingi za makanisa yetu huku mashariki sasa zinafanya kazi kwa kompyuta. Rapoti ya mwezi, orodha ya walimu wa shule, hesabu ya dawa za kituo cha afya, barua ya kumhamisha mchungaji: vyote huandikwa kwenye mashini, na vyote vinapaswa kufika makao makuu ya jumuiya kwa wakati. Kuandika hakutusumbui tena. Kinachotusumbua ni njia ya kupitisha. Rapoti moja inatumwa kwa WhatsApp ya sekretari, nyingine kwa imeli ya binafsi ya mchungaji, nyingine anapewa mwenye pikipiki ndani ya bahasha. Mwisho wa mwezi hakuna anayejua ipi ilifika na ipi ilibaki njiani.

Jambo hili si dogo. Muuguzi akiomba dawa za malaria, na ombi lake likae wiki mbili katika simu ya mtu aliyesafiri, wagonjwa ndio wanaoumia. Orodha ya walimu ikichelewa, kuna mwalimu atakayekosa mshahara. Kwa hiyo napenda tueleze hatua kwa hatua jinsi jumuiya yenye posti nyingi na rezo hafifu inavyoweza kuwa na imeli yake inayofanya kazi kweli.

Wazo la kushika ni hili: imeli ya kanisa isipimwe kwa rezo ya mji yaliko makao makuu. Ipimwe kwa rezo ya posti ya mbali kabisa. Ikifanya kazi Shabunda au Walikale ndani, itafanya kazi pia Bukavu na Goma. Lakini mpango uliofanywa kwa kuangalia rezo ya mjini peke yake, mara nyingi unakufa kwenye kilima cha kwanza.

WhatsApp inatusaidia, lakini haitoshi

Wengi watauliza: mbona tuna WhatsApp? Ni kweli, WhatsApp ni nyepesi, watu wanaijua, na kwa habari ya haraka hakuna sababu ya kuiacha. Lakini WhatsApp inashikamana na namba ya simu ya mtu. Sekretari akihamishwa, akiibiwa simu au akifariki, mazungumzo yote ya biro yanaondoka pamoja naye. Anayekuja baada yake anaanza bila kitu. Hajui ni nini kiliahidiwa kwa shule, wala ni nani aliyeidhinisha ununuzi wa mabati.

Ndivyo ilivyo pia kwa imeli ya binafsi. Jumuiya ikitumia anwani ya mtu mmoja kuandikia benki, serikali au wafadhili, anwani ile ni mali yake, na neno la siri analijua yeye peke yake. Barua za kanisa zinapaswa kukaa mahali pa kanisa, kama vile kitabu cha ubatizo kinavyokaa katika biro ya parokia hata wachungaji wakibadilishwa.

Barua pepe ilizaliwa wakati wa rezo dhaifu

Wako watu wanaofikiri kwamba imeli inahitaji intaneti yenye nguvu. Historia yake inaonyesha kinyume. Mwaka 1971, Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia rezo, naye ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashini. Kanuni ya kupeleka barua inayoitwa SMTP ilitangazwa mwaka 1982, wakati kompyuta nyingi ziliunganishwa kwa nyaya za polepole sana na kwa saa chache tu.

Kwa sababu hiyo barua pepe ilitengenezwa ili iweze kungoja. Ukituma, inakwenda kwanza kwenye seva yako. Seva yako inatafuta seva ya unayemwandikia. Ikiikosa, haitupi barua. Inajaribu tena na tena, na kwa desturi inaendelea kwa siku 4 au 5 kabla ya kukurudishia habari kwamba imeshindwa. Barua ikiisha kufika kwenye seva ya mpokeaji, inamngoja hapo mpaka apate rezo. Si lazima ninyi wawili muwe kwenye rezo kwa saa moja.

Wazee wetu watalielewa jambo hili upesi, maana walitumia foni. Hospitali na misheni za ndani zilikuwa na saa ya foni: kila mtu alijua kwamba asubuhi, saa fulani, posti zote zinasikiliza. Ujumbe ulitayarishwa kabla, ukasomwa kwa maneno machache, halafu betri ikapumzishwa. Imeli kwenye rezo hafifu inafuata nidhamu ile ile.

Uzito wa barua: tufanye hesabu

Kosa kubwa katika biro za mjini ni kutuma bila kujua uzito. Tuhesabu pamoja.

Kasi ya rezo hupimwa kwa biti, lakini faili hupimwa kwa baiti, na baiti 1 ni biti 8. Tuseme posti inapata kilobiti 128 kwa sekunde, jambo la kawaida pale rezo inapofika kwa shida. Barua ya ukurasa mmoja ya maandishi matupu, pamoja na anwani na alama zake za njia, haizidi sana kilobaiti 15. Inapita kwa sekunde 1 hivi.

Sasa chukua picha moja ya simu yenye megabaiti 4. Imeli haibebi picha jinsi ilivyo. Inaigeuza kwanza kuwa herufi, na kazi hiyo huongeza uzito kwa karibu theluthi moja. Picha ile itachukua zaidi ya dakika 5. Ukiweka picha 4 za sherehe ya kuweka wakfu, ni zaidi ya dakika 20, na hiyo ni kama rezo haikukatika hata mara moja. Ikikatika, mara nyingi kazi inaanza upya, na mega zilizotumika hazirudi.

Kumbuka pia wanaopokea. Ukiandikia posti 20 barua moja, wewe unaituma mara moja tu kwenye seva, lakini kila posti italazimika kuivuta kwa mega zake. Faili ya megabaiti 10 iliyotoka mjini kwa urahisi inakuwa zaidi ya megabaiti 260 kwa posti zote pamoja. Anayetuma haoni gharama hiyo. Muuguzi aliyepanda kilima kutafuta rezo ndiye anayeilipa, na pengine ombi lake la dawa linabaki nyuma ya picha za sherehe.

Kwa hiyo jumuiya iweke sheria chache zinazoeleweka na wote:

Habari fupi iandikwe ndani ya barua yenyewe. Si lazima kufungua Word kwa ajili ya mistari mitano ya mwaliko.

Picha ipunguzwe kabla ya kutumwa. Picha yenye upana wa nukta 1024 inaonekana vizuri kwenye kompyuta, na kwa kawaida haizidi kilobaiti 200 au 300.

Karatasi yenye sahihi na muhuri ikipigwa skani, ipigwe kwa nyeusi na nyeupe, si kwa rangi. Ukurasa wa rangi unaweza kupita megabaiti 1. Ule wa nyeusi na nyeupe mara nyingi hauzidi kilobaiti 100.

Nembo ya jumuiya kwenye kichwa cha barua iwe ndogo. Nembo kubwa iliyofichwa ndani ya kila barua ni mzigo unaosafirishwa kila siku bila faida.

Kitufe cha "Répondre à tous" kisitumiwe kwa kusema asante. Neno moja la asante kwa watu 40 ni barua 40.

Mwanzo: jina la jumuiya na mahali pa seva

Hatua ya kwanza ni kupata jina la jumuiya kwenye intaneti, linaloitwa domeni. Linaweza kuishia kwa .org au kwa .cd, alama ya nchi yetu. Liandikishwe kwa jina la jumuiya yenyewe, kamwe lisiandikishwe kwa jina la fundi au la kijana wa parokia anayejua kompyuta. Domeni hulipiwa kila mwaka. Ikisahauliwa, anwani zote zinanyamaza siku moja. Kwa hiyo watu wawili, kwa mfano sekretari mkuu na trezorie, wawe na tarehe ya malipo katika kalenda zao.

Hatua ya pili ni seva. Wako wanaotamani kuiweka ndani ya makao makuu. Kwa hali yetu ya umeme na ya rezo, ni afadhali kukodi nafasi kwa watoaji wa huduma hiyo ambao mashini zao hazizimiki. Sisi tukikosa umeme siku tatu, barua za watu zitakuwa zinatungoja mahali salama. Fundi aweke pia zile alama tatu zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli: SPF, DKIM na DMARC. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kanuni zao, na barua isiyo na uthibitisho inaweza kutupwa katika kapu la takataka au kukataliwa kabisa.

Hatua ya tatu ni anwani. Zifuate kazi, zisifuate watu. Mbele ya alama ya @ liandikwe jina la biro: sekretari, trezori, afya, shule, na kwa posti, parokia.fizi au kituo.mambasa. Mtu akihamishwa, neno la siri linabadilishwa siku ile ile, naye anayeingia anakuta barua zote za miaka iliyopita. Makabidhiano ya imeli yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi, pamoja na ya funguo na ya sanduku la fedha.

Kwenye posti: programu, si ukurasa wa intaneti

Watu wengi husoma imeli kwa kufungua ukurasa wa intaneti. Kila mara ukurasa unavuta picha, vitufe na mambo mengine kabla ya kuonyesha barua yenyewe. Ule ukurasa mwepesi wa Gmail, ambao wengi wa rezo hafifu waliutegemea, uliondolewa mwaka 2024. Mahali penye satelaiti ya zamani shida inaongezeka. Satelaiti ile iko juu karibu kilomita 36.000, na swali na jibu huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Ukurasa unaouliza maswali mengi moja baada ya jingine unachosha, hata kama kasi iliyolipiwa ni nzuri.

Dawa yake ni programu ya imeli ndani ya mashini. Thunderbird ni ya bure, na ipo kwa kompyuta na kwa simu za Android. Kwa simu kuna pia K-9 Mail. Unaandika barua zako zote bila rezo, zinakaa kwenye kikasha cha kutoka. Rezo ikipatikana kwa dakika kumi, unabonyeza mara moja, zinakwenda na nyingine zinaingia. Kisha unakata rezo na kusoma kwa utulivu.

Katika mipangilio kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kuchagua IMAP badala ya POP. POP kwa desturi huteremsha barua kwenye mashini na kuiondoa kwenye seva. Mashini ikiibiwa, barua zimekwenda. IMAP huacha barua kwenye seva na kukuonyesha nakala yake. Sisi wa mashariki tunajua maana yake. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma ilihama kwa haraka kuelekea Sake, Minova na Rwanda. Nani katika mbio zile alibeba kompyuta ya biro? Na vita vimetuhamisha mara ngapi zaidi ya volkano? Barua iliyoko kwenye seva inaweza kufunguliwa kwa mashini nyingine, hata ukiwa mkimbizi mahali pengine.

La pili ni kuweka kipimo cha uzito. Programu zote mbili zinaruhusu kuamuru kwamba barua inayozidi, kwa mfano, kilobaiti 50 isiteremke yote. Unaona ni nani ameandika na kuhusu nini, halafu unaamua mwenyewe kama utaivuta sasa au ukifika mjini. Mpangilio huu mmoja unaokoa mega nyingi kuliko ushauri wowote mwingine.

Kuna mwizi mwingine wa mega ambaye haonekani. Kompyuta ya Windows ikipata rezo, inaanza kuvuta matengenezo yake bila kukuuliza, na yanaweza kufika mamia ya megabaiti. Ingia kwenye mipangilio ya rezo na uwashe palipoandikwa "Connexion limitée". Kwenye simu, washa "Économiseur de données". Hapo mega ulizonunua zitafanya kazi ya barua.

Saa za barua, na posti isiyo na rezo

Kila posti iwe na saa zake za barua, mara mbili kwa siku au hata mara mbili kwa wiki, kulingana na rezo na jua kwenye pano. Makao makuu yazijue saa hizo na yasimlaumu mtu kwa kutojibu nje yake. Kwa mambo ya hatari, kama mlipuko wa ugonjwa au usalama, tuendelee kupiga simu. Imeli haikufanywa kwa ajili ya mlio wa dharura.

Posti isiyo na rezo kabisa isiachwe nje. Iunganishwe na posti jirani iliyo na rezo. Barua zake zinawekwa kwenye ufunguo wa USB au zinachapwa, na anayesafiri siku ya soko anazipeleka na kuleta majibu. Barua ya Paulo kwa Wakolosai ilifika kwa mkono wa Tikiko, na ikaagizwa isomwe pia Laodikia. Posti moja ilikuwa mlango wa posti nyingine. Kinachohitajika ni daftari ndogo ya kuandika tarehe, aliyebeba na aliyepokea.

Fedha na siri za watu

Imeli ikianza kufanya kazi, wezi nao wataijua. Njia yao ya kawaida ni kuandika kwa jina la kiongozi, kwa anwani inayofanana na yake kwa herufi moja au mbili, wakimwomba trezorie atume fedha upesi kwa simu. Kanuni iwe wazi: hakuna fedha inayotoka kwa sababu ya ujumbe peke yake. Trezorie anapiga namba anayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua, na watu wawili wanaidhinisha. Kiongozi asikasirike akiulizwa. Trezorie anayeuliza analinda sadaka za wajane.

Anwani za viongozi na za fedha ziwekewe hatua ya pili ya uthibitisho. Tumia programu ya simu inayotoa namba za siri yenyewe, maana inafanya kazi hata bila rezo, tofauti na namba inayongojwa kwa SMS.

Tena, majina ya wagonjwa, ya wanawake waliobakwa, au ya watoto waliotoka katika makundi ya silaha yasiandikwe kwenye barua wala kwenye WhatsApp. Yapewe namba, na orodha ya majina ibaki katika sanduku lenye kufuli. Simu huibiwa, mashini hukaguliwa njiani, na jina likiisha kutoka haliwezi kurudishwa. Katika mikoa yetu, jina moja mikononi mwa mtu mbaya linaweza kugharimu uhai.

Nani atanunua mega?

Mipango mingi mizuri imeanguka hapa. Jumuiya inafungua anwani, inafundisha watu siku mbili, kisha inategemea muuguzi anunue mega kwa mfuko wake. Miezi miwili baadaye kimya kinarudi, naye anaitwa mvivu. Mega, matengenezo ya betri na ada ya domeni viingizwe katika makadirio ya mwaka, kama tunavyoingiza karatasi na safari. Kwa barua nyepesi, posti moja haihitaji mega nyingi. Bahasha moja iliyopelekwa kwa pikipiki kwenye matope ya barabara zetu mara nyingi inagharimu zaidi.

Msianze na posti zote mara moja. Chagueni tatu: moja ya mjini, moja yenye rezo hafifu, na moja isiyo na rezo. Kwa muda wa mwezi mmoja hesabuni barua ngapi zilitumwa, ngapi zilifika, zilichukua siku ngapi, na mega ngapi zilitumika. Waulizeni wale wa mbali ni nini kiliwachosha. Majibu yao ndiyo yatengeneze sheria za jumuiya nzima, kabla ya kuendelea na posti ya nne.

Katika mkutano ujao wa halmashauri, kabla hamjazungumza habari ya kununua kompyuta mpya, ombeni sekretari aandike kwenye karatasi moja posti zote, rezo ya kila moja, na jina la mtu anayeshika barua zake. Kazi ianzie kwenye mstari wa mwisho wa karatasi hiyo.